Mataya yamefungwa waya: tujadili namna mgonjwa atakavyoelewana na watu mpaka apone

#1 Muuza Asali wa Isevya

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Kuhusu chakula cha mgonjwa aliyefungwa taya yamekwisha andikwa mengi, na kila anayetoka hospitali hupewa maelekezo ya uji mwepesi, maziwa, supu iliyochujwa na mrija. Kuhusu namna atakavyozungumza na watu katika wiki hizo, mimi sikuambiwa neno na yeyote, nami nimeona kwamba jambo hilo huwatesa mgonjwa na watu wa nyumbani kwake kuliko njaa. Naomba tulijadili hapa, ili anayekwenda kufanyiwa upasuaji ajiandae wakati bado anaweza kutamka anachotaka.

Kwanza nieleze hali yenyewe. Taya likivunjika, iwe kwa ajali ya bodaboda, kwa kipigo au kwa kuanguka, daktari bingwa wa kinywa na taya ana njia kuu mbili. Anaweza kuupasua mwili na kuunga mfupa kwa vibamba na skurubu za titani, na mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi huachiwa kinywa kikifunguka kidogo. Au anaweza kuyafunga meno ya juu na ya chini yakiwa yameumana: utepe wa chuma hulazwa kando ya meno ya juu na mwingine kando ya meno ya chini, kila mmoja ukashikizwa kwa nyaya nyembamba, kisha tepe hizo mbili zikafungwa pamoja kwa nyaya au kwa raba. Kwa mtu mzima kifungo hicho kwa kawaida hudumu wiki 4 hadi 6. Mimi nilifungwa kwa njia hii ya pili.

Mtu aliyefungwa hivyo si bubu. Koo lake ni zima, ulimi unacheza nyuma ya meno, na midomo inasogea kadiri uvimbe unavyopungua. Kinachokosekana ni nafasi. Irabu *a*, ambayo hutaka kinywa kifunguke, husikika kama *e*, na Kiswahili chetu kimejaa *a*, kiasi kwamba ukisema "nataka maji" msikilizaji asiyeijua hali yako anabaki amekukodolea macho. Sauti za *th* na *dh* hugeuka *s* na *z*, kwa sababu ncha ya ulimi haina pa kupenya. Sauti za *f* na *v* hutaka mdomo wa chini uguse meno ya juu, na mdomo huo ndio mara nyingi umekufa ganzi, kwa kuwa mshipa wake wa fahamu hupita ndani ya mfupa wa taya la chini. Ganzi hiyo inaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi. Zinazosalimika zaidi ni *n*, *ny* na *ng'*, kwa sababu hupita puani, na kwa sababu hiyohiyo mguno wetu wa "mh-hm" wa kukubali na ule wa "mm-mm" wa kukataa hubaki safi tangu siku ya kwanza. Familia ikilijua hilo, itajifunza kuuliza maswali ambayo mguno unatosha kuyajibu: "Unataka maji?" badala ya "Unataka nini?", "Maumivu yako upande wa kulia?" badala ya "Unaumwa wapi?" Swali liwe moja, na jibu lisubiriwe kabla ya kuuliza lingine.

Sokoni tatizo kubwa ni hesabu. Sita na saba hufanana mno zikipita kwenye meno yaliyofungwa, na tatu na tano hazipishani sana. Niliporudi kwenye meza yangu ya asali niliandika bei kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipande vya boksi, kimoja cha chupa ya nusu lita, kimoja cha lita, kimoja cha dumu la lita 5, na juu ya vyote nikaweka kingine kilichosomeka hivi: "Nimefanyiwa upasuaji wa taya. Nakusikia vizuri. Sema kwa sauti ya kawaida, nami nitakujibu kwa kuandika." Sentensi ya katikati ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Watu wengi wakimwona mtu asiyesema hudhani kwamba hasikii pia, nao huanza kupaza sauti na kumkatia maneno kama mtoto mdogo.

Kuna na hili la salamu, ambalo mtu asiyekulia kwetu anaweza kulidharau. Hapa Unyamwezini salamu haiishi kwa neno moja. Mtu atakuuliza habari za kuamka, za watoto, za shamba na za wale uliowaacha nyumbani, na anangoja kujibiwa. Mtoto akikuamkia shikamoo nawe ukapita kimya, jirani atasema umeanza kuringa. Nilichofanya ni kusimama, kumtazama mtu usoni, kuweka mkono wa kulia kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, na mtaa mzima ulizoea haraka. Usipite haraka huku umeinamisha uso kwa aibu ya uvimbe au ya mate. Ukisimama, watu wenyewe watauliza na kuelewa.

Lakini lililonisukuma kuandika ni hili. Katika kituo kimoja nilikokwenda kuangaliwa kidonda, mhudumu alimuuliza dada yangu kila kitu: anaumwa wapi, amekula nini, anataka dawa ya maji au ya kusagwa. Nilikuwa nimekaa kati yao, daftari mkononi. Dada yangu ananipenda na alijibu kwa nia njema, lakini alisema ganzi imekwisha, ilhali haikuwa imekwisha. Nauliza: nani anapaswa kumsemea mgonjwa, na kwa mipaka ipi? Na ninyi mliopitia haya, mlielewana vipi na watu wenu? Karibuni.

#2 Zamu ya Usiku

Kaka, pole kwa yaliyokupata na asante kwa uzi huu. Mimi ni muuguzi, nimehudumu wodi ya upasuaji kwa muda mrefu, na naomba nianze na mawasiliano ya dharura, kwa sababu hayo hayasubiri mgonjwa atafute kalamu.

Kabla mgonjwa hajatoka wodini, yeye na anayemuuguza wawe wamekubaliana ishara tatu tu, ambazo hazifanani na nyingine yoyote. Ya kwanza ni "siwezi kupumua". Ya pili ni "nasikia kichefuchefu". Ya tatu ni "damu inatoka". Wengi huchagua kushika shingo kwa kiganja kwa ile ya kwanza, na kuweka mkono tumboni kwa ile ya pili, lakini nyumba inaweza kuchagua yoyote, ilimradi kila anayelala humo aijue, wakiwamo watoto wakubwa.

Kichefuchefu kinatisha kwa sababu mtu hudhani matapishi yatakwama. Kwa kuwa anakunywa vitu vya majimaji, kwa kawaida matapishi hupita katikati ya meno na nyuma ya magego. Asilazwe chali. Ainamishwe mbele, uso utazame chini, mashavu yavutwe pembeni kwa vidole, aachwe atoe yote, kisha asukutue. Plaizi ya kukatia waya ni ya pale ambapo hewa imezuiwa kweli, na daktari anapaswa kumwonyesha ndugu, mbele ya kioo, ni nyaya zipi za kukata: zile zinazopanda na kushuka kuunganisha taya la juu na la chini, wala si zile zilizoshika utepe kwenye meno. Aliyefungwa kwa raba hukatiwa raba kwa mkasi. Baada ya kukata, mgonjwa apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu. Ndugu asiyeonyeshwa jambo hili asikubali kuondoka wodini, aulize.

Usiku ndio mgumu. Mtu mwenye meno yaliyofungwa hawezi kupiga kelele ya kufika chumba cha pili, wala si rahisi kwake kupiga filimbi. Nawashauri kengele ya baiskeli. Inauzwa kwa mafundi baiskeli kila kona ya Tabora, haihitaji chaji, na unaweza kuifunga kwenye ubao wa kitanda pale mkono unapofikia gizani. Ijaribiwe mchana: mgonjwa agonge, na anayelala chumba cha pili aseme kama amesikia mlango ukiwa umefungwa.

Kuhusu maumivu, tunatumia kipimo cha 0 hadi 10, na vidole vinatosha kukionyesha. Mgonjwa anayeonyesha vidole 8 baada ya dawa anatupa taarifa iliyo wazi kuliko ndugu anayesema "anaendelea vizuri". Hapo nakubaliana nawe, kaka, kwamba tunapaswa kumuuliza mwenyewe.

#3 Mzee wa Kanyenye

Vijana wangu, nimesoma kwa makini. Naona mnamtwisha mgonjwa kazi isiyo yake. Mtu ametoka kupasuliwa, amevimba, anapumua kwa pua peke yake, hajashiba, nanyi mnataka ashike kalamu na kujibu maswali. Sisi tulilelewa kwamba mgonjwa ana wenyewe. Kaka yake, mkewe au mama yake ndio wanaosema kwa niaba yake, naye anapumzika. Wageni wanaokuja kumjulia hali wakiambiwa na mwenye nyumba kwamba anaendelea vizuri, inatosha. Kwa nini tuiache desturi njema?

#4 Muuza Asali wa Isevya

Mzee wangu, shikamoo. Nakubali sehemu kubwa ya uliyosema, na wala sikutaka kuiondoa desturi hiyo. Kwa wageni, msemaji anahitajika sana. Nyumbani kwetu tulikubaliana kwamba shemeji yangu apokee watu ukumbini, asimulie habari ya ajali mara moja, aseme nimefungwa waya na siwezi kusema kwa urefu, ndipo waingie kunishika mkono. Bila mpango huo kila anayeingia huuliza "ilikuwaje?", na mgonjwa hujikuta akilazimika kuisimulia upya habari anayotaka kuisahau, kwa kinywa kisichofunguka.

Ninachokikataa ni msemaji kuvuka ukumbi na kuingia kwenye mambo yanayomhusu mgonjwa peke yake. Yako matatu ambayo sitaki mtu mwingine ayaseme kwa kukisia: maumivu yangu, fedha zangu, na idhini ya kukatwa au kutokatwa mwili wangu. Mtu aliyefungwa taya ana akili timamu. Ikiwa daktari ameleta fomu ya ridhaa kwa ajili ya hatua nyingine, asomewe yeye, aulizwe yeye, aandike swali lake, na atie sahihi yeye. Hata ile ya kuandika si lazima ichoshe. Usiku wa kuamkia kliniki niliandika maswali yangu kwa utulivu kwenye ukurasa mmoja, nikaacha nafasi chini ya kila swali, nikampa daktari, naye akayajibu moja baada ya jingine huku dada yangu akisikiliza. Dada alikuwa shahidi wa mazungumzo yangu na kumbukumbu yangu ya pili, na hiyo ndiyo nafasi ninayomwombea kila ndugu anayemsindikiza mgonjwa.

Fedha nazo zinataka uangalifu. Wakati siwezi kupiga simu kwa huduma kwa wateja, wapo waliojitolea "kunisaidia" kwa kuniomba namba ya siri. Usimpe mtu. Miamala ya simu haihitaji kinywa, unabonyeza mwenyewe. Panapohitajika sauti, nenda kwa wakala au ofisini ukiwa na kitambulisho na maelezo uliyokwisha kuandika.

#5 Jirani wa Viziwi

Salaam kwenu. Mimi nimeishi na kufanya kazi na viziwi hapa Tabora, mji ambao shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki, na kila ninaposoma malalamiko ya mtu ambaye ghafla ameondolewa sauti, nakumbuka kwamba wapo majirani zetu ambao wameishi hivyo maisha yao yote na wana mengi ya kutufundisha.

La kwanza ni nafasi ya mwili. Kiziwi hazungumzi nawe ukiwa umempa mgongo unakoroga uji. Anakugusa bega, anangoja umtazame, ndipo anaanza. Mgonjwa wa taya akaye mahali ambapo mlango na uso wa anayezungumza naye vinaonekana, na mwanga uangukie mikono na daftari lake. La pili ni zamu. Watu watano wakizungumza kwa pamoja, anayeandika huwa amechelewa daima. Akimaliza sentensi yake mazungumzo yamekwisha hamia kwingine, naye anafunga daftari na kunyamaza. Nimeona wagonjwa wakikaa katikati ya familia zao siku nzima bila kuambiwa neno, si kwa chuki, bali kwa sababu hakuna aliyetulia kusubiri dakika moja. Mtu mmoja wa nyumbani apewe jukumu la kusema "ngojeni, anaandika."

Mtu asidhani kwamba kwa wiki 6 atajifunza Lugha ya Alama ya Tanzania. Hiyo ni lugha kamili yenye sarufi yake, wala si mkusanyiko wa ishara za mikono. Lakini kuazima ishara chache kwa heshima kutoka kwa mwenye lugha, kama za maji, chakula, maumivu, choo, asante na ngoja, kunawezekana kwa siku moja, na zina faida kwamba zimekwisha tengenezwa zisichanganyike. Na kama una rafiki kiziwi ambaye huwa anakusoma midomo, fahamu kwamba katika kipindi hiki midomo yako haisomeki. Mwandikie.

#6 Mama Neema, Urambo

Nawashukuru wote. Langu ni la mtoto, ambaye hajui kuandika. Mwanangu alianguka kutoka kwenye mwembe, taya likavunjika, akafungwa. Daktari alitueleza kwamba mifupa ya watoto huunga haraka, kwa hiyo hufungwa kwa muda mfupi kuliko watu wazima. Hata hivyo siku za mwanzo zilikuwa ngumu, kwa sababu mtoto akishindwa kueleweka analia, akilia makamasi yanajaa puani, na pua ikiziba anapata hofu ya kukosa hewa, kisha analia zaidi.

Tulikata jalada la daftari tukachora kikombe, choo, kitanda, jua la joto, uso unaocheka na uso unaolia, mbuzi wake, na sura ya bibi yake. Alikuwa anaweka kidole. Picha ya mbuzi iliguswa kuliko zote, kwa sababu kuuliza habari za mbuzi ndiyo mazungumzo aliyokuwa ameyakosa. Nasema hivi kwa sababu wengi tunamtengenezea mgonjwa ishara za haja zake tu, kana kwamba anachotaka ni kunywa na kwenda choo, ilhali anataka kuzungumza.

Swali langu kwa dada muuguzi: mama yangu mzazi hajui kusoma, na ndiye aliyekuwa akishinda na mtoto. Akiwa mgonjwa mtu mzima asiyejua kusoma, mnamsaidiaje?

#7 Zamu ya Usiku

Mama Neema, umeifanya kazi vizuri kuliko maelekezo mengi niliyoyaona. Kwa mtu mzima asiyesoma, ubao ni uleule wa picha, lakini michoro iwe ya maisha yake: jembe, sufuria, msikiti au kanisa, picha halisi za wanawe zilizobandikwa. Mwongezeeni mchoro wa mwili wa mtu, mbele na nyuma, ili aonyeshe panapouma. Tena msimlazimishe kutikisa kichwa, kwa sababu shingo na mashavu yaliyovimba huuma. Kidole gumba juu au chini kinatosha, au abane mkono wako mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana. Uvimbe huzidi siku ya 2 na ya 3 na baadaye hushuka, kwa hiyo familia isikate tamaa kwa kuona kwamba siku ya tatu anaeleweka kidogo kuliko ya kwanza.

Kwa mtoto anayelia, muinue akae, umfute na kumsafisha pua kwanza, umshike mkono apumue pamoja nawe, na maswali yasubiri mpaka atulie.

#8 Mke wa Mvuvi, Kigoma

Habari zenu ndugu zangu wa Tabora. Mume wangu hakuvunjika. Alikuwa na uvimbe uliokuwa ukikua polepole ndani ya mfupa wa taya la chini kwa miaka, bila maumivu makubwa, mpaka uso ukapinda. Tulipewa rufaa hadi Dar es Salaam, akakatwa sehemu ya mfupa na kuwekewa kibamba. Nawasimulia kwa sababu hali yake ilikuwa tofauti na ya ndugu wa asali: alitobolewa tundu la kupumulia shingoni kwa muda, na kwa siku hizo hakuwa na sauti hata ya kuguna. Walitueleza kwamba pumzi ilikuwa inatokea kwenye mrija ulio chini ya nyuzi za sauti, kwa hiyo hakuna hewa ya kuzitetemesha. Hatukuambiwa hilo kabla. Alizinduka, akafungua kinywa, hakuna kilichotoka, na mimi nilimwona akidhani kwamba sauti yake imekatwa pamoja na mfupa.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayekwenda kwa upasuaji mkubwa: muulizeni daktari waziwazi, "Je, nitazinduka nikiwa na tundu shingoni? Je, sauti itarudi lini?" Mkijibiwa, muandikieni mgonjwa kwenye karatasi kubwa na mumwonyeshe anapofumbua macho: SAUTI YAKO IPO, ITARUDI MRIJA UKITOLEWA. Mume wangu alipopewa karatasi ya namna hiyo na nesi mmoja mwenye moyo, alitulia.

Baadaye tuliporudi Kigoma alitumia simu. Simu nyingi za Android husoma maandishi kwa sauti, na Kiswahili kimo, hivyo aliandika naye mtoto akasikia sauti ikimwambia achote maji. Kwa mazungumzo marefu alipendelea daftari, kwa sababu uso wake ulikuwa unaonekana akiwa anaandika, na simu ilikuwa inawafanya watu watazame kioo badala ya kumtazama yeye. Mimi nikiwa sokoni Mwanga tulikuwa na mpango wa kubipu: akibipu mara moja nijue yuko salama na ananiita tu, akibipu mfululizo nirudi mbio. Haukugharimu salio.

Kwa mzee aliyesema juu ya desturi, naongeza jambo moja. Nyumbani kwetu Kasulu wazee bado husalimiana kwa kupiga makofi taratibu, na mume wangu aliporudi kijijini wakati bado hawezi kutamka vizuri, alipiga makofi, akajibiwa kwa makofi, na hakuna aliyeona upungufu wowote.

#9 Mzee wa Kanyenye

Mama wa Kigoma, pole sana, na mpe pole mzee mwenzangu. Nimeisoma habari ya karatasi ile mara mbili. Naona sasa kijana wa asali anachokitaka ni kwamba sisi wasemaji tusiseme tusichoulizwa, na hilo nalikubali. Bado nashikilia kwamba mgonjwa asilazimishwe kuzungumza. Ziko saa ambazo mtu anataka kukaa kimya na mwenzake bila daftari, na hiyo nayo ni haki yake.

#10 Muuza Asali wa Isevya

Kweli kabisa, mzee wangu, na nafurahi umelisema. Tulikuwa na ishara ya hilo pia: daftari likigeuzwa chini, nimechoka, kaeni nami tu. Iliheshimiwa.

#11 Mwalimu Nzega

Ndugu zangu, mdogo wangu anafanyiwa upasuaji keshokutwa. Nimekwisha andika mengi ya humu. Nina maswali mawili. Waya zikitolewa, atazungumza kama zamani siku hiyohiyo? Na je, kwa muda amefungwa, akizungumza sana anaweza kuharibu mfupa?

#12 Zamu ya Usiku

Mwalimu, nianze na la pili. Kuzungumza taratibu huku meno yameumana kwa kawaida hakukatazwi, na hata kunasaidia midomo na ulimi visikakamae. Anachopaswa kuepuka ni kupaza sauti, kubishana kwa hasira na kulazimisha taya lifunguke ili aeleweke. Waya ikilegea, ikikatika, au akihisi meno hayaumani kama yalivyofungwa, arudi hospitali. Waya ikichoma shavu kiasi kwamba anaogopa kusogeza midomo, aombe nta ya meno aibandike juu ya ncha. Ameze mate kabla ya kuanza sentensi, awe na leso mkononi, aseme maneno machache kisha avute pumzi. Asiyeelewa asijifanye ameelewa. Amwambie alichosikia, ili mgonjwa arudie kipande kilichokosekana peke yake. Kujifanya umeelewa humvunja moyo kuliko kumwomba arudie.

Kuhusu siku ya kutolewa waya, hapana, hatazungumza kama zamani mara moja. Misuli iliyokaa wiki nyingi bila kazi hukakamaa, na wengine hushangaa kwamba kinywa kinafunguka upana wa kidole kimoja tu. Mtu mzima kwa kawaida hufungua takribani milimita 35 hadi 50, yaani upana wa vidole vyake vitatu. Atapewa mazoezi ya kufungua na kufunga mara kadhaa kwa siku, na akiyafanya bila kukosa atapata nafasi kidogo kidogo. Asome kwa sauti, mbele ya kioo, ukurasa wowote wenye *a* nyingi. Ganzi ya mdomo inaweza kuchelewa kuliko taya, kwa hiyo *f* na *v* zikiendelea kusumbua, familia iwe na subira. Msitupe daftari siku hiyo.

#13 Muuza Asali wa Isevya

Mwalimu, kwa kuwa bado siku mbili, fanyeni haya usiku wa leo akiwa bado na kinywa chake. Akae na nyinyi aseme mwenyewe nani atakuwa mpokeaji wa wageni na nani ataingia naye kwa daktari. Achague ishara zake tatu za dharura. Aandike ujumbe mmoja wa simu kwa watu wote anaozungumza nao sana, kwamba hatapokea simu ya sauti kwa muda, waandike. Na kama ana jambo la fedha au la kazi linalohitaji kupigiwa simu, alimalize kesho.

#14 Mwalimu Nzega

Nimeelewa, nanyi nyote Mungu awabariki. Amemteua mama kuingia naye kwa daktari, na mimi nimepewa wageni. Ishara ya kukosa hewa ameichagua mwenyewe, nasi sote tumeirudia mbele yake. Plaizi na kengele nitavichukua kwa fundi baiskeli kesho asubuhi kabla ya basi. Nitaleta mrejesho.